Kiti cha Sita

Ghala la asali, Sikonge, saa tisa na robo.
Nta imeganda kwenye kingo za mizani,
na ubao tulioazima shule ya msingi
bado una nusu ya neno la somo la jana.
Sikulifuta lote.

Mimi ndiye karani. Nina chaki mbili na kitambaa.
Viti saba vya bodi ya ushirika,
orodha tatu, kila moja imejiita mti:
Mninga, kura mia tatu arobaini na nane.
Mkora, mia mbili na kumi.
Mtundu, mia moja na mbili
(mti, si tabia, ingawa wametuchekea kwa hilo).
Nimesema "wametuchekea." Karani hapaswi.

Zamani tulihesabu kwa mkato:
mwenye nyingi abebe vyote,
viti, muhuri, ufunguo wa stoo, hata kufuli.
Sisi wachache tukarudi Ipole
na kura zetu kama moshi wa kufukizia nyuki:
umefanya kazi, hakuna anayeulamba.

"Mwalimu, kanuni mpya hii tueleze,"
anasema Kashindye, mkono umevimba kwa miiba.

Hivi. Ndoo saba za asali, na foleni.
Mwenye umati mkubwa anatangulia, achote moja.
Akishachota, asing'ang'anie mbele:
umati wake tunaugawa kwa mbili,
arudi kwenye foleni na kimo kipya.
Akichota ya pili, tunaugawa kwa tatu.
Hatumnyang'anyi.
Tunamkumbusha tu kwamba amekwisha kula.

Chaki inalia.
Mninga, mia tatu arobaini na nane: cha kwanza.
Mkora, mia mbili na kumi: cha pili.
Mninga tena, mia na sabini na nne: cha tatu.
Mninga tena, mia na kumi na sita: cha nne.
Mtu nyuma anacheka, "Si nilisema? Ni yaleyale."
Mkora, mia na tano: cha tano.

Kisha mkono wangu unasita.
Mninga amebaki na themanini na saba.
Mkora, sabini.
Na Mtundu hajachota kitu,
mia na mbili zake nzima, hazijaonja mgawo.

Kiti cha sita.

Hakuna makofi. Nyuki mmoja anatembea juu ya tarakimu
kama mkaguzi.
Nyamizi Kapela, mjane, mizinga arobaini,
jina la kwanza kwenye orodha yetu,
anasimama na kuuliza neno moja tu:
"Umerudia?"
Narudia. Mbele yake, kwa sauti.
Ni hivyohivyo.

Cha saba kinarudi kwa Mninga. Nne, mbili, moja.

Ndipo anakuja Jaribu Mihayo, jasho shingoni,
mkononi risiti ya kreti kumi na mbili za soda.
"Watu walinipenda mimi, Mwalimu! Mimi!"
Kaka, waliweka alama kwenye mti, si kwenye uso.
Mninga ana viti vinne, na majina yanateremka toka juu.
Wewe ni wa tano.
"Na nani alinipanga wa tano?"

Hapo ubao wangu hauna jibu.
Majina yalipangwa Jumanne usiku,
nyumbani kwa mtu, mlango umefungwa, taa inawaka.
Hata ya Mtundu. Hata ya kwetu.
Fuata nyuki ule asali, tunaambiwa;
hakuna anayetaja aliyepanga foleni.
Hesabu yangu ni safi toka kura kushuka.
Toka kura kupanda, sijui.

Nafuta. Kitambaa kimenata, vumbi la chaki na asali,
kinaburuza zaidi ya kinavyosafisha.
Nje Nyamizi anatafuta kiti,
maana sita tu ndivyo vililetwa,
na wa Mninga wamekwisha kukalia vinne.

Jumatatu watoto watakuta kona moja sijaigusa:
mia moja na mbili, gawanya kwa moja.
Watadhani ni swali rahisi.